Simama Juu, Kagua Breki
Elimu kwa waendesha baiskeli wa Kilimamoja, Karatu na Ziwa Manyara

KWA NINI TUMEANDIKA

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Madereva wa malori yanayoshusha vitunguu vya Mang'ola wanalalamika kwamba wakiwa katikati ya kona za ukuta wa Bonde la Ufa hupitwa kulia na kushoto na watu wa baiskeli ambao hata wakitaka kusimama hawawezi. Wazazi wa Mto wa Mbu wanalalamika kwamba watoto wameanza kuiga. Waongoza wageni wanawalaumu wenye baiskeli za kukodisha, wenye baiskeli wanawalaumu mafundi, na mafundi wanazilaumu raba za breki zinazouzwa madukani. Wageni nao, waliolipa ili wastarehe, wanasema hakuna aliyewaambia neno kabla hawajaanza kuteremka.

Tumewasikiliza wote. Lalamiko la wageni tunalijibu hapa hapa: sasa mmeambiwa.

Tunajua pia kwamba wapo watakaokipokea kijitabu hiki kwa shingo upande. Watasema ofisi yetu inatafuta pa kuchumia. Basi tuliweke wazi mapema: kusimama hakulipiwi, kukagua breki hakulipiwi, na yeyote atakayekuomba hela ya "ukaguzi" pale juu ya ukuta hakutumwa na sisi. Mnyime, kisha tuletee habari zake.

ENEO TUNALOLISEMA

Ziwa Manyara liko chini, kimo cha karibu mita 960 kutoka usawa wa bahari. Upande wake wa magharibi umesimama ukuta wa Bonde la Ufa, mwinuko wa mamia ya mita, wenye mibuyu iliyong'ang'ania mawe. Juu ya ukuta huo, ukingoni kabisa, ndiko kilipo Kilimamoja. Ukiendelea unakuta Rhotia, kisha mji wa Karatu ulio kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, kwenye udongo mwekundu na mashamba ya ngano, mahindi na maharage. Chini ya ukuta, penye maji yasiyokauka, umekaa Mto wa Mbu na migomba yake na majaruba ya mpunga.

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupita lango la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, kisha hupanda ukuta kwa kona hadi juu na kuendelea kwenda Karatu na Ngorongoro. Kutoka Mto wa Mbu hadi Karatu ni kama kilomita 30. Ni barabara moja tu, na wote wanaitegemea: mabasi, malori, magari ya watalii yanayowahi lango, bodaboda, ng'ombe, na ninyi wa baiskeli.

Anayefika ukingoni mara ya kwanza husimama mwenyewe bila kuamrishwa, kwa sababu ziwa lote linaonekana, na msitu wa chini ya ukuta, na siku nyingine utando wa waridi wa heroe ufukweni. Hapo watu hutoa simu wakapiga picha. Tunaomba, na kwa kweli tunaagiza, kwamba mkishapiga picha msiondoke. Geukeni mziangalie baiskeli zenu.

HATARI YENYEWE

Kila anayekodi baiskeli Mto wa Mbu huuliza habari za mlima. Ni mkali kiasi gani? Mtu wa kawaida ataumudu? Kuna pa kupumzikia? Ni maswali mazuri, lakini yanahusu kupanda, na anayeshindwa kupanda hushuka akaburuta baiskeli yake, basi. Hapati zaidi ya aibu kidogo na jasho jingi.

Hakuna anayeuliza habari za kushuka. Wageni wengi hata hawapandi. Baiskeli hufungwa juu ya gari, watu wakakaa ndani hadi Kilimamoja, kisha wakashushwa wote ukingoni wateremke "kwa raha zao". Aliyepanda kwa miguu yake angalau ameifahamu baiskeli yake: amesikia mnyororo unavyolia, ameona gurudumu la nyuma linavyoyumba. Aliyepandishwa na gari anakabidhiwa chombo asichokijua mahali pabaya kuliko pote pa kuanza kukijua.

Tuseme mtu na baiskeli yake wana uzito wa kilo 100. Wakishuka mita 400 za kimo polepole, breki zikiwa zimebanwa njia nzima, joto linalozalishwa pale kwenye raba na ringi linatosha kuchemsha lita moja ya maji ya kawaida mpaka yatokote, na likabaki. Joto hilo haliondoki upesi. Linakaa kwenye vipande vya raba vidogo kuliko kidole gumba na kwenye ringi lililobeba tairi na tyubu. Raba ikipata moto huteleza badala ya kushika. Ringi likipata moto hupasha tyubu, na tyubu hupasuka. Ya mbele ikipasuka kwenye kona, usukani haukutii tena.

Breki za diski nazo si kinga. Zinavumilia joto zaidi, ni kweli, lakini zikizidiwa, mkono wa breki huingia laini mpaka ukagusa usukani na baiskeli isipungue mwendo. Mwenye baiskeli ya bei kubwa akija kutuambia kwamba haya ni ya wenye baiskeli za Phoenix, tutamsomesha ukurasa huu tena.

Dereva wa lori hushuka ukuta huu kwa gia ndogo, na injini ndiyo inayomzuia. Baiskeli haina hilo. Ukiiweka gia ndogo kwenye mteremko, miguu itazunguka bure na gurudumu litaendelea na safari zake. Tumewakuta watu wazima wenye elimu yao waliodhani gia itawasaidia. Haisaidii. Mlicho nacho ni breki mbili tu, na mara nyingi moja kati ya hizo mbili imekufa.

Mwendo nao unadanganya. Kwenye kilomita 60 kwa saa, na ukuta huu unakufikisha huko upesi bila kukanyaga pedeli, unakwenda kama mita 17 kila sekunde. Ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimamia tangu breki zinaposhika haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Ukishtuka kwenye kona ukakuta nyani wamekaa barabarani, na karibu na hifadhi huwa wamekaa, hesabu hiyo imeshakwisha kabla vidole vyako havijabana.

Kwa hiyo: simama juu, kagua breki.

UKAGUZI UNAVYOFANYWA

Hauhitaji fundi wala spana. Unahitaji mikono miwili na subira kidogo.

Kwanza jua mkono upi unabana gurudumu lipi. Baiskeli za kukodi huku nyingi ni mitumba. Zilizotoka Uingereza na Japani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Zilizotoka nchi nyingine za Ulaya huwa kushoto. Mgeni aliyezoea ya kwao akibana kwa nguvu mkono anaodhani ni wa nyuma, hurushwa juu ya usukani. Bana mmoja mmoja ukiwa umesimama, tazama ni raba zipi zinazosogea, na umwambie mwenzako kwa sauti. Kama unaongoza kundi, usikubali jibu la kichwa. Mtu aseme: "Mbele ni kulia."

Bana ya mbele, sukuma baiskeli kwenda mbele. Gurudumu la nyuma liinuke kutoka chini. Lisipoinuka na gurudumu la mbele likasogea, breki hiyo haifai. Bana ya nyuma, ivute baiskeli mbele: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki usifike kwenye usukani. Ukifika, waya umelegea au raba zimekwisha.

Ukitazama raba utaona mifereji iliyochongwa. Mifereji ikiwa imefutika, raba imekwisha hata kama bado ni nene. Tazama raba inagusa wapi: iguse ringi, si tairi. Inayogusa tairi italila hadi tyubu ichungulie. Fuata waya kwa kidole hadi unapoingia kwenye mkono wa breki, kwa maana nyuzi huanza kukatika hapo, moja moja, zikajikunja kama sharubu. Ukiona hata uzi mmoja umetoka nje, waya huo umeshaaga.

Pitisha kidole kwenye ringi. Kikitoka cheusi chenye utelezi, kuna oili. Wapo wanaomwagia mnyororo oili chafu ya gari hadi ikachuruzika, na nusu yake huishia kwenye ringi. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha jaribu tena.

Sasa neno kwa ndugu zetu wa vijijini, ambao kwao baiskeli si utalii bali ni mguu wa pili. Breki za vyuma za baiskeli za kizamani, zinazovuta raba kutoka ndani ya ringi, zimewatumikia wazee wetu vizuri kwenye tambarare. Ringi la chuma likilowa, raba hizo karibu hazishiki. Mtu mwenye mkungu wa ndizi kwenye keria, au abiria, au madumu mawili ya maji, akikutwa na mvua katikati ya ukuta, ajue hana breki. Kipande cha kandambili kilichokatwa kwa kisu si raba ya breki. Mguu uliokanyaga tairi la mbele si breki. Tunaijua njia hiyo, tumeiona ikifanya kazi kwenye miteremko ya shambani, na ndiyo maana tunaitaja kwa jina: kwenye ukuta huu ni marufuku. Abiria kwenye keria wakati wa kushuka ni marufuku pia, awe mtoto, awe mke, awe bwana afya.

KUSHUKA

Usifuatane na mwenzako kwa karibu. Acha nafasi ambayo hata akianguka utakuwa na pa kusimama. Kaa upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, na usilipite lori kwenye kona hata kama linatambaa. Dereva hakuoni, na pembeni yake hakuna njia yako.

Usibane breki njia nzima. Bana kwa nguvu mpaka mwendo upungue sana, kisha achia kabisa upepo upoze ringi, kisha bana tena. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Sogeza makalio nyuma, na pedeli ziwe sawa, moja mbele moja nyuma.

Simama tena katikati. Hapa ndipo wengi wanapotudharau, maana waliosimama juu huona wameshamaliza deni. Hawajamaliza. Tafuta mahali papana nje ya lami, laza baiskeli chini, na upeleke kiganja karibu na ringi bila kuligusa. Ukihisi joto linakujia kabla hujafika, kaa chini. Kunywa maji. Usiimwagie diski maji ikiwa ya moto, inaweza kupinda. Utaondoka utakapoweza kulishika ringi bila kuondoa mkono. Huo ndio mwisho wa mapumziko, si saa, wala si hodi za mwongoza wageni mwenye kundi jingine linalomsubiri.

Mvua ikianza, shuka kwenye baiskeli, uiburute. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hakuna mjadala juu ya jambo hili. Usianze kushuka baada ya saa kumi jioni. Giza huku huingia ghafla, na chini ya ukuta tembo na nyati huvuka barabara wakati wao, si wakati wenu.

Helmeti mvae. Lakini tunasikitika kuona watu wenye helmeti mpya wakiwa na raba zilizokwisha miezi mingi. Helmeti ni kwa ajili ya kichwa kilichokwisha kugonga. Simama juu, kagua breki.

BREKI IKIKATIKA UKIWA NJIANI

Utakuwa na nafasi ya kuamua ya pumzi mbili tatu, na kadiri unavyochelewa ndivyo nafasi inavyozidi kuwa mbaya. Amua mara moja kuanguka upande wa mlima. Mtaro, kokoto, kichaka, vumbi la pembeni, vyote ni bora kuliko kona inayofuata. Bana breki iliyobaki polepole, si kwa kushtuka. Piga kelele. Usiruke ukiwa kwenye lami, na usielekee upande wa bonde hata kama unauona mtupu.

Aliyeanguka asiinuliwe haraka wala asikalishwe. Shingo yake iachwe ilivyo. Mtu mmoja apande na mwingine ashuke kuzuia magari kabla ya kona, wakipunga kitu cha rangi kali. Piga 112. Waokoaji wetu wa kwanza mara nyingi huwa madereva wapitao, na tunawashukuru, lakini huruma ya kumtupa majeruhi nyuma ya pikapu akiwa amekunjika imeshaharibu migongo mingine iliyokuwa inatibika.

NJIA NYINGINE, KWA UFUPI

Anayetaka kuendesha bila ukuta anazo njia nzuri, na kwa maoni yetu ndizo bora. Huko juu, barabara za udongo za Rhotia na Mbulumbulu hupita mashamba na nyumba za Wairaqw, zenye milima midogo ya kuchosha bila kuua. Ukifika upande wa Kitete, usijaribu vijia vya kushukia ukuta kuelekea Selela. Ule ni ushoroba wa wanyama, tembo na nyati wanaoshuka kutoka msitu wa juu, nao hawakai pembeni mtu akipiga kengele. Udongo mwekundu ukilowa hujaza tairi hadi gurudumu lisizunguke, kwa hiyo baada ya mvua subiri jua.

Chini, vijia vya Mto wa Mbu kati ya migomba na majaruba ni tambarare. Salimia watu, usipite juu ya mpunga ulioanikwa. Ukikaribia ziwa, tope lina magadi, na magadi hula ringi za alumini na kuozesha mnyororo. Osha baiskeli siku hiyo hiyo kwa maji safi. Ringi lililoliwa na magadi halishikwi vizuri na raba, na kesho baiskeli hiyo hiyo itapelekwa Kilimamoja na mtu mwingine asiyejua ilikotoka. Maji ya ziwa hupanuka na kurudi, hivyo njia kavu ya mwaka jana isikudanganye. Viboko wapo.

Baiskeli haiingii ndani ya hifadhi kwa matakwa ya mtu. Ulizia langoni.

ADA, VIBALI NA MENGINEYO

Wageni wasio raia, wakazi, wanafunzi, makundi na watoto wana masharti tofauti. Yako kwenye fomu ya kibali, upande wa nyuma. Yasome kabla ya kulipa, maana stakabadhi ikishakatwa ada hairudishwi.

KWA WENYE BAISKELI ZA KUKODISHA

Tumelibakiza hili mwisho kwa sababu tunaamini ndilo shina la tatizo, na ofisi hii haioni haya kusema kwamba imelichimba kuliko wengine waliotutangulia. Baiskeli hukodishwa kwa saa. Mteja anayesimama juu, akasimama katikati, akasubiri ringi lipoe, anaona hela yake inakwenda. Mwongoza wageni naye anaona. Wote wawili hukimbiza saa, na breki ndizo zinazolipa.

Kwa hiyo safari yoyote ya kutoka Kilimamoja kushuka itozwe kwa safari, si kwa saa. Bei iandikwe ukutani, mteja aione kabla ya kupanda. Mteja ambaye baiskeli yake imeshindwa jaribio pale juu arudishiwe fedha yake yote au apewe nyingine iliyofaulu. Asiambiwe "itavumilia". Aliyeamua kushuka kwa miguu akiburuta, iwe kwa mvua, kwa woga au kwa uchovu, asitozwe nyongeza hata akifika wakati wa magharibi. Raba za breki za baiskeli inayoshuka ukuta zitazamwe kila jioni, na zilizokwisha zitupwe, zisihamishiwe kwenye baiskeli ya mtoto. Mwenye baiskeli atakayekataa masharti haya jina la duka lake litaondolewa kwenye orodha tunayowapa wageni, na atakayetaka kurudishwa atuletee baiskeli zake zote tuzijaribu sisi wenyewe, ukingoni, mbele yake.